Jahazi limenusurika Kimbunga Hidaya lakini linavuja: nianzie wapi kulitengeneza?

Mwenye Jahazi (Mji wa Kale, Mombasa), 10 Juni 2024

Assalaam aleykum, ndugu zangu wa bahari.

Jahazi langu limefungwa karibu na Bandari ya Kale tangu wiki iliyopita, na mabaharia wangu wanafua maji ya ngama (yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo) mara nne kutwa ili lisizame. Ni chombo cha mbao cha mita 13, chenye mlingoti mmoja na mashine ndogo ya dizeli, nacho nilikinunua kwa mjomba wangu kikiwa kimekwisha kula chumvi ya miaka mingi. Naomba mnivumilie nieleze kwanza yaliyotupata, kwa sababu naamini jinsi chombo kilivyopigwa ndiyo itakayoonyesha mahali pa kutafuta madhara.

Mwanzoni mwa Mei tulikuwa Kilwa Masoko, mimi na mabaharia watatu, tumekwisha kushusha shehena na tunangoja kusi (upepo wa msimu utokao kusini) itulie turudi nyumbani. Redio ikaanza kutoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, kwamba kiko baharini mashariki ya pwani ya Tanzania na kinaelekea nchi kavu. Tuliliingiza jahazi ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko pande mbili, tukashusha foromali (mti unaobeba tanga) na kuilaza sitahani, tukakunja tanga na kulitia ndani, kisha tukatia nanga mbili upande wa kusini, kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka huko. Kamba mbili nyingine tulizifunga kwenye mashina ya mikoko upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 upepo ulizidi, nao ulivuma kutoka kusini, kisha kusini-mashariki. Mpaka hapo jahazi lilikuwa limetulia kwa kiasi, likitikisika tu. Kulipokaribia kupambazuka upepo uligeuka ukawa wa mashariki, halafu ukaelekea kaskazini-mashariki, na upande huo ndio uliokuwa wazi, bila mikoko wala kilima cha kutukinga. Nanga zote mbili sasa zilikuwa mahali pasipo na faida. Amari, yaani kamba, ya nanga kubwa ilikatika pale inapopita omoni, mbele ya chombo, jahazi likazunguka kwa kishindo, tezi ikagonga mizizi, na maji yalipotoka tukapwelewa huku mawimbi yakituinua na kutubwaga chini, tena na tena, kwa muda ambao sikuweza kuupima. Maji yalipanda ndani hadi nusu ya mashine. Tulifua kwa ndoo tangu alfajiri hadi adhuhuri, watu wanne kwa zamu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya mikono kuchubuka.

Kitu kimoja kimenikaa moyoni. Bahari ilipotulia nilikishika kipande cha amari kilichobaki. Ni kamba ya nailoni, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na nje ilikuwa imechakaa kidogo tu. Lakini nilipoichambua, nyuzi za ndani zilikuwa zimegandamana, ngumu na zinang'aa, kama plastiki iliyopitishwa motoni, ilhali usiku kucha ilikuwa ikinyeshewa na mvua.

Tuliziba tulipoweza, makanika wa pale akaiamsha mashine, tukarudi kwa kusi tukiikumbatia pwani, tukiingia kila bandari iliyokuwa njiani. Sasa mafundi wawili wameliona jahazi. Mmoja anasema likalafatiwe lote upya (nafasi za mbao zizibwe kwa pamba) na kupakwa rangi, basi. Wa pili anasema mbao sita za chini zing'olewe. Fedha nilizo nazo hazitoshi kukosea mara mbili. Je, nianzie wapi? Na je, ningefanya nini usiku ule ambacho sikukifanya?

Nahodha Mstaafu (Kuze), 10 Juni 2024

Wa aleykum salaam, mwanangu, na pole sana wewe na mabaharia wako. Kuhusu mbao nawaachia mafundi. Nitajibu swali lako la pili, kwa sababu umelieleza jambo lenyewe kwa usahihi mkubwa bila ya kujua kwamba jibu lake limo humohumo ndani ya maelezo yako.

Huku kwetu kusini mwa Ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kitovu chake kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kwa hiyo ukisimama ukaukabili upepo usoni, kitovu kiko upande wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Hidaya ilikuwa inatoka mashariki kuelekea magharibi, na siku ile ya tarehe 4 ilifika nchi kavu kwenye kisiwa cha Mafia, ambacho kiko kaskazini ya Kilwa. Maana yake ni kwamba nyinyi mlikuwa upande wa kushoto wa njia yake, na upande wa kushoto ndio mbaya kwetu, kwa kuwa huko kasi ya upepo huongezewa na mwendo wa kimbunga chenyewe. Ukiwa upande huo na umetulia mahali pamoja, upepo hugeuka kinyume cha mishale ya saa: kusini, kusini-mashariki, mashariki, kaskazini-mashariki. Ndivyo ulivyogeuka juu ya kichwa chako. Ungekuwa upande wa kulia, ungegeuka kutoka kusini kwenda magharibi.

Kwa hiyo nanga yako kubwa ilipaswa kulala mashariki na kaskazini-mashariki tangu Ijumaa mchana, wakati upepo bado ni wa kusini na kila baharia anayekuona anadhani umepotewa na akili. Nanga hutiwa kwa ajili ya upepo utakaokuja, na kwa kimbunga upepo utakaokuja unaweza kujulikana mapema, alimradi unajua kinapita upande gani wako. Redio ilikwambia kinakoelekea, hiyo ilitosha.

Sikulaumu. Sisi wa Mombasa tuko kama nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta, na karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo hukifanya kimbunga kijizungushe, ni dhaifu mno. Ndiyo sababu wazee wetu walitufundisha pepo za kaskazi, kusi na matlai, lakini kimbunga hawakutufundisha. Hata hivyo ukishuka kusini kidogo hadithi ni nyingine. Unguja ilipigwa Aprili 1872, katika mwaka wa pili wa utawala wa Sayyid Barghash, na mikarafuu na merikebu zake zikaangamia. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Angalia miezi hiyo: ni wakati ambao kaskazi imekwisha, kusi inaingia, na nahodha anayetoka Mombasa anaona hatari ya mwaka imekwisha kumpita.

Nunua kipimahewa. Katika bahari yetu shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa kadiri ya milibari 3, likifika juu karibu na saa nne na chini karibu na saa kumi, mchana na usiku. Andika kila siku ulichokisoma. Siku utakapokuta kimeshuka milibari 3 chini ya kawaida ya saa ileile, shuku. Kikifika 5, usingoje redio.

Kuhusu amari, ile nailoni haikukatwa na omo peke yake. Nailoni hunyumbuka, na kwa sababu hunyumbuka husugua kila inapogusa mbao, huku nyuzi zake zikisuguana ndani kwa ndani mpaka zinapata joto la kuyeyuka. Mvua haifiki huko ndani. Tia mnyororo kwenye sehemu inayopita omoni, au kamba ya poliesta isiyonyumbuka sana iliyovishwa mpira wa bomba la maji uliopasuliwa, kisha nailoni ianzie mbele ya hapo, majini, ambako haigusi kitu. Na uiache ndefu, mara saba hadi kumi ya kina, ukihesabu kina cha maji yakijaa. Kumbuka upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake juu ya chombo huongezeka mara nne.

Neno la mwisho nitalisema kwa upendo. Mlifua maji mkaliokoa jahazi, na najua hilo ni la kujivunia. Lakini chombo kikishafungwa vizuri, watu hupanda nchi kavu. Nimewahi kubaki chomboni katika dhoruba ndogo kuliko hiyo, na nilichoweza kufanya gizani ni kushika mlingoti na kusoma dua. Kufika omoni hata kwa kutambaa sikuweza. Jahazi la mita 13 hujengwa tena.

Fundi wa Mashua (Mtwapa), 11 Juni 2024

Kaka, usikubali kukalafati hata kidogo kabla hujajua ni kitu gani kilichosogea. Chombo kilichobwagwa chini na mawimbi hakivuji kwa sababu pamba imezeeka. Kinavuja kwa sababu mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo, vimeachana, na ukigongelea pamba katika nafasi hizo unakuwa unapigilia kabari ya kuviachanisha zaidi. Yule fundi wa mbao sita naye simwamini mpaka aniambie amezijuaje kuwa ni sita ilhali chombo kiko majini.

Anza kwa kulipandisha. Bamvua (maji makubwa) ya mwezi mpevu wa tarehe 22 Juni inafaa. Tafuta mchanga mgumu usio na mawe, uliingize wakati maji yamejaa, na utie gadi (miti ya kuliegemeza) pande zote mbili, zilizo imara na nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, kwa sababu taruma lililovunjika halibebi uzito na ubavu unaweza kubonyea juu ya gadi moja. Kwa kawaida tunafanya kazi kati ya maji na maji, ila kazi yako haimaliziki kwa saa tano. Lipandishe juu vya kutosha kukaa wiki mbili, hadi bamvua ya mwezi mwandamo, takriban tarehe 6 Julai. Lakini tahadhari: usilipandishe hadi mwisho kabisa wa maji. Bamvua mbili hazilingani, na nimeona mashua ikikaa nchi kavu miezi mitatu kwa sababu maji ya safari ya pili yalipungua kwa upana wa viganja viwili.

Likishasimama, kazi ya kwanza ni ya uzi. Funga uzi kutoka omo hadi tezi chini ya mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo), uuvute mpaka ulie, uangalie kama mkuku umenyooka. Usipime mara moja ukaridhika. Pima siku ya kwanza na upime tena siku ya nne, kwa sababu chombo hujilegeza chenyewe kikiondolewa majini.

Kisha ingia ndani, toa farumi (uzito wa kukituliza chombo) yote, kila jiwe na kila gunia, uoshe ngama mpaka uione mbao. Pitia taruma moja moja kwa taa na kidole. Taruma lililopasuka mara nyingi haliko wazi. Ufa ni mwembamba kama unywele, na hukaa pale linapojipinda kuelekea mkuku. Pitisha kucha, utauhisi. Angalia hasa yaliyo jirani na kikao cha mlingoti, maana chombo kinapobwagwa mlingoti nao hushuka kama mchi. Gonga kila mbao kwa nyundo ndogo: nzima hulia kavu, iliyooza au kuachana na taruma hulia kama papai. Pale unapoona weusi umezunguka kichwa cha msumari, chomeka bisibisi. Ikiingia bila ubishi, msumari huo ulikwisha kufa zamani na kimbunga kimemalizia tu.

Baada ya hapo ufanye jambo ambalo wenye vyombo wengi huliogopa. Mimina maji ndani ya ngama, ndoo chache tu, yafike juu kidogo ya mkuku, kisha ushuke chini utazame yanatokea wapi. Maji yanayoingia baharini hutembea nyuma ya mataruma na kukudanganya, lakini yanayotoka ukiwa chini yake hayawezi kudanganya. Usijaze, kwa kuwa chombo kilicho kwenye gadi hakijengwi kubeba maji. Ukishaona, tia alama ya chaki.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: maji ya chumvi ni rafiki wa mbao, maji ya mvua ndiyo yanayoiozesha. Mvua za Juni bado zipo, kwa hiyo funika kwa turubai na usiache maji ya mvua yalale ndani hata usiku mmoja. Wakati huohuo usiliache jahazi likauke juani. Weka makuti pande zote na magunia mabichi ya maji ya bahari mchana kutwa. Mbao ikikauka hunywea, nafasi zikapanuka, na fundi mwenye pupa atazijaza pamba mpaka pomoni. Jahazi likirudi majini mbao zitavimba, hazitakuwa na mahali pa kwenda, na zitang'oa misumari kwenye mataruma. Pamba huingizwa kwa mkono mwepesi.

Ukibadilisha mbao, badilisha moja moja, ya pili isitoke kabla ya ya kwanza kufungwa. Umbo la jahazi linashikwa na mbao zenyewe, na ukitoa sita kwa pamoja utapata jahazi lingine, tena bovu. Taruma jipya litafutwe kwenye mti uliojipinda wenyewe. Ukilichonga kutoka kwenye mbao iliyonyooka litapasuka palepale lilipopasuka la zamani. Misumari iwe ya kupakwa zinki, matundu yatobolewe kwanza kwa keekee, na kila msumari uvishwe pamba iliyochovywa mafuta shingoni kabla ya kugongwa, kama walivyofanya waliolijenga. Sifa (mafuta ya papa ya kupaka mbao) na shahamu ya chokaa (mafuta mazito yaliyochanganywa na chokaa) baadaye. Rangi ibaki mwisho kabisa, na fedha zikikatika, ni bora zikatike kwenye rangi.

Makanika wa Mashine za Baharini (Likoni), 11 Juni 2024

Nyongeza fupi kuhusu mashine. Kama ilizama nusu na makanika aliimwaga oili mara moja tu, bado ina maji ndani. Iwashe ipate joto, mwaga, tia oili mpya ya bei nafuu, iwashe tena, mwaga tena, mpaka oili itoke bila rangi ya chai ya maziwa. Badilisha na chujio lake kila mara. Stata na jenereta zifunguliwe, zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaushwe kabisa. Huku kwenye chuma na umeme, tofauti na mbao, chumvi ni adui. Nyaya zilizozama zikate pole pole kutoka mwisho mpaka uione shaba nyekundu. Ikiwa nyeusi ndani ya ganda urefu wote, itupe yote. Gharama ya nyaya mpya ni ndogo kuliko ya moto unaoanzia chini ya sitaha usiku mkiwa mbali na pwani.

Mwenye Jahazi (Mji wa Kale, Mombasa), 9 Julai 2024

Nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa mchangani. Tulilipandisha tarehe 23 Juni na kulishusha juzi, nalo lilielea huku likibakisha nafasi isiyozidi kiganja kimoja chini ya mkuku. Fundi wangu, onyo lako la bamvua mbili limeniokoa.

Mafundi wote wawili hawakuwa na hakika, na kila mmoja alikosa kwa upande wake. Mbao za kung'oa hazikuwa sita. Tulipomimina maji yalitokea mahali pawili tu: nyuma, kwenye kiungo cha fashini (mti wa nyuma unaoshika usukani), na upande wa kushoto katika mbao ya kwanza inayoungana na mkuku, chini ya mlingoti. Ndani, mataruma mawili yalikuwa na ufa ule wa unywele uliousema. Moja sikuliona kwa taa mara tatu nilizopita, akalipata baharia wangu mdogo kwa ukucha. Tumeyabadilisha yote mawili, tumeweka kipande kipya cha mbao chenye urefu wa mita 2 na nusu, na misumari yote ya mbao mbili za mkukuni tumeing'oa na kuigonga upya. Tulikalafati tulipofungua tu.

Usiku wa kwanza majini lilivuja sana hata nikakosa usingizi, na kufikia asubuhi ngama ilikuwa na maji ya magotini. Kufikia jana usiku maji yalipungua hadi vidole vinne, na leo asubuhi ni viwili. Nailoni niliyobaki nayo nimeihamishia mbele, na mnyororo wa mita 10 unapita omoni.

Limebaki moja. Uzi wa siku ya kwanza ulionyesha mkuku umepinda kwa upana wa vidole viwili kuelekea kulia, karibu na tezi. Siku ya nne ulirudi ukawa kidole kimoja, na hapo ukabaki. Je, niliache hivyo, au ningelazimisha lingekuwa bado juu?

Fundi wa Mashua (Mtwapa), 9 Julai 2024

Liache hivyo, kaka. Kidole kimoja katika mita 13 jahazi linakibeba, na ukilazimisha kwa jeki utavunja mataruma mazima ili kuufurahisha uzi. Unachopaswa kunyoosha ni usukani: toa vyuma vinavyoushika, uvipachike upya kwa kufuata mkuku ulivyo sasa na si ulivyokuwa, la sivyo vitakuwa vinasagana kila ukigeuza na fashini itaanza kuvuja palepale ulipoziba. Lifanye hilo kabla ya kutweka tanga. Halafu pima ngama kila alfajiri kwa mwezi mmoja, uandike.